Msimu wa NFL 2025: tuzipime timu kwa ukuta wake kabla ya majina ya nyota

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Alhamisi hii, tarehe 4 Septemba 2025, msimu mpya wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, unafunguliwa Philadelphia, ambako mabingwa watetezi Eagles wanawapokea Dallas Cowboys. Kwa sisi tulio Afrika Mashariki mchezo utaanza saa 9:20 usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo kila mtu ajue mapema atafika kazini na macho ya aina gani. Nimeona niweke tathmini yangu hapa kabla ya siku hiyo. Sitazipitia timu zote 32, kwa sababu zipo ambazo hata mashabiki wake hawazidai chochote mwaka huu; nitazungumzia zile ambazo mabadiliko yake yamenifanya nibadili mawazo.

Niweke wazi kipimo changu ili atakayenipinga ajue pa kuanzia. Tathmini nyingi huanza na kwotabeki, yule mpanga mashambulizi anayepokea mpira na kuamua aurushe, amkabidhi mkimbiaji au atimke nao mwenyewe, kisha hushuka kwa wapokeaji wake, halafu hutaja wengine kwa kifupi kama wasindikizaji wa bwana harusi. Mimi naanza na wale watu watano wenye miili mikubwa wanaosimama mbele yake, ambao majina yao hayauzi jezi. Nawaita ukuta. Wawili hulinda pembeni, wawili hulinda ndani, na mmoja hukaa kati, naye ndiye anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kumfikia kwotabeki. Upande wa pili wapo wavamizi, ambao kazi yao ni kuubomoa ukuta huo na kumwangusha kwotabeki kabla mpira haujamtoka mkononi. Ukuta ukisimama sekunde tatu, kwotabeki wa kawaida huonekana fundi. Ukibomoka katika sekunde mbili, hata Patrick Mahomes, kwotabeki nyota wa Kansas City Chiefs, huonekana kama kijana aliyeitwa jana kwenye majaribio.

Asiyeamini arudi kuitazama fainali ya tarehe 9 Februari mwaka huu pale New Orleans. Eagles walishinda 40–22, na matokeo hayo yanawasitiri Chiefs, kwa sababu hadi mapumziko ilikuwa 24–0 na Chiefs walikuwa wamesogea yadi 23 tu katika nusu nzima. Mahomes aliangushwa mara 6, idadi ambayo hakuwa ameifikia katika mechi nyingine yoyote ya NFL, na kinachotisha zaidi ni kwamba kocha wa ulinzi wa Eagles, Vic Fangio, hakutuma mvamizi wa ziada hata mara moja. Wavamizi wanne wa kawaida waliwamudu walinzi watano, na wachezaji saba waliobaki nyuma wakawa na kazi moja tu ya kuziba njia za pasi. Tazameni ile robo ya pili: Mahomes anaangushwa, mchezo unaofuata anaangushwa tena, na katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa ili isogee yadi 10, akiwa na yadi nyingi mno za kutafuta, anarusha pasi ambayo Cooper DeJean anainasa na kukimbia nayo yadi 38 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, siku hiyo hiyo anayotimiza miaka 22. Watu wanamsifu DeJean, na anastahili, lakini pasi ile ilikwisha kuharibika kabla hajairuka.

Sasa niingie kwenye timu zenyewe.

Eagles ndio ninaowaona bado wamesimama juu ya wenzao, ingawa wamepoteza watu. Josh Sweat, aliyemwangusha Mahomes mara mbili na nusu katika fainali ile, amekwenda Arizona. Milton Williams, aliyemwangusha mara mbili, amechukuliwa na Patriots kwa mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 104. Kocha wa ushambuliaji Kellen Moore amepata ukocha mkuu wa Saints, na nafasi yake amepewa Kevin Patullo aliyekuwa ndani ya benchi hilo hilo. Timu nyingine ingetikisika. Hawa wanabaki na Jalen Carter katikati ya safu ya uvamizi, na ukutani wana Jordan Mailata kushoto, Landon Dickerson, Cam Jurgens na Lane Johnson kulia, wote wakinolewa na Jeff Stoutland, kocha ambaye amedumu hapo huku makocha wakuu wakija na kuondoka. Pengo moja tu limefunguka, la mlinzi wa ndani kulia, baada ya Mekhi Becton kwenda Chargers; Tyler Steen ndiye anayelijaza. Nyuma ya ukuta huo Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 msimu uliopita, akawa mchezaji wa tisa katika historia ya ligi kuvuka 2,000, na hata mechi ya mwisho hakucheza. Barkley ni mkimbiaji wa daraja la juu sana, sibishani na hilo, lakini ni Barkley huyo huyo aliyehangaika miaka 6 akiwa na Giants. Alipohama, kilichobadilika zaidi ni watu waliokuwa mbele yake.

Kansas City Chiefs ndipo nitakapogombana na wengi. Walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda mechi 15 na kupoteza 2, lakini 11 kati ya ushindi huo ulikuwa wa tofauti isiyozidi pointi 8, na hawakupoteza hata mechi moja ya aina hiyo. Huo ni ustadi, na pia ni bahati, na bahati haisaini mkataba wa miaka miwili. Tatizo lao kubwa lilikuwa upande wa kushoto wa ukuta, hadi ikawabidi wamhamishe Joe Thuney kutoka ndani kwenda pembeni, mahali ambapo si kazi yake ya siku zote. Mwaka huu wamemuuza Thuney kwa Chicago, wamemsajili Jaylon Moore kutoka 49ers, na katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwezi wa Aprili walimchukua Josh Simmons wa Ohio State wakiwa nafasi ya 32, kijana ambaye angechukuliwa mapema zaidi kama goti lake lisingeumia. Simmons akiwa mzima, Chiefs watakuwa wametibu ugonjwa wao kwa bei ya chini. Asipokuwa mzima, tutaitazama tena sinema ya New Orleans kwa wiki 18. Kwa upande mwingine wamemfunga Trey Smith, mlinzi wao wa ndani, kwa mkataba mrefu, jambo ambalo nalipongeza, ila mpokeaji wao Rashee Rice amefungiwa mechi 6 za mwanzo.

Buffalo Bills na Baltimore Ravens nawaweka pamoja kwa sababu wanakutana Jumapili hii usiku, na kwa sababu huzuni zao zinafanana. Bills wanaye kwotabeki Josh Allen, mchezaji bora wa msimu uliopita. Ravens wanaye Lamar Jackson, aliyerusha pasi 41 za tachidauni na kunaswa mara 4 tu, pamoja na Derrick Henry aliyekimbia yadi 1,921 katika umri ambao wakimbiaji wengi wameshatundika viatu. Walipokutana Januari, Bills walishinda 27–25 baada ya Mark Andrews wa Ravens kuuachia mpira ambao ungesawazisha. Kisha Bills wakaenda Kansas City, wakapoteza 32–29, ikiwa ni mara ya nne katika misimu mitano kwa Chiefs kuwatoa kwenye mtoano. Katika mechi ile kuna mchezo ambao sitausahau: robo ya nne, jaribio la nne, Bills wanahitaji chini ya yadi moja, Allen anajipenyeza mwenyewe katikati ya rundo la watu, na waamuzi wanaamua kwamba hakufika. Mashabiki wa Bills watabishana kuhusu uamuzi huo hadi wajukuu wao wachoke. Mimi nilikuwa natazama miguu ya walinzi wao, na miguu ile ilikuwa inarudi nyuma.

Kati ya hao wawili nawachagua Ravens kwa kutwaa upande wa AFC, moja ya nusu mbili za ligi. Wamembakiza Ronnie Stanley, mlinzi wao wa pembeni kushoto, na hilo peke yake lina uzito kuliko majina mapya yote waliyoyaongeza.

Timu ambayo sioni ikitajwa vya kutosha ni Denver Broncos. Msimu uliopita ukuta wao uliruhusu kwotabeki kuangushwa mara 24 tu, kiwango cha chini kuliko timu yoyote, huku ulinzi wao ukiwaangusha makwotabeki wa wapinzani mara 63, kiwango cha juu kuliko timu yoyote. Ukishika ncha zote mbili za kamba namna hiyo, huhitaji kuwa na Mahomes. Kwotabeki wao Bo Nix, ambaye ndio kwanza anaingia mwaka wa pili, alirusha pasi 29 za tachidauni akiwa mgeni wa ligi. Wameongeza Dre Greenlaw na Talanoa Hufanga kutoka San Francisco, na Pat Surtain, mchezaji bora wa ulinzi wa mwaka uliopita, bado yupo. Nasema wazi kwamba wanaweza kuwang'oa Chiefs kileleni mwa kundi lao, ambako wamekaa miaka 9 mfululizo.

Detroit Lions wananisikitisha, kwa sababu ndio timu niliyopenda zaidi kuitazama. Walishinda mechi 15 msimu uliopita, wakatolewa nyumbani na Washington 45–31. Tangu hapo wamepoteza makocha wawili kwa mpigo: Ben Johnson wa ushambuliaji amekwenda kuwa kocha mkuu wa Bears, na Aaron Glenn wa ulinzi amekwenda Jets. Kila mtu anazungumzia hilo. Mimi pigo ninalolihofia zaidi ni la mwezi wa Juni, Frank Ragnow, mlinzi wao wa kati, alipotangaza kustaafu, baada ya Kevin Zeitler, mlinzi wa ndani, kuwa amekwisha kuhamia Titans. Jared Goff ni kwotabeki mzuri sana akisimama tulivu, ila akilazimishwa kukimbia anakuwa mtu mwingine, na mvamizi anayepita katikati ndiye adui wake mkubwa. Faraja yao ni kurejea kwa Aidan Hutchinson aliyevunjika mguu Oktoba iliyopita.

Chicago Bears wamefanya kinyume chake. Kwotabeki wao Caleb Williams, aliyekuwa chaguo la kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2024, aliangushwa mara 68 katika msimu wake wa kwanza, na timu ikapoteza mechi 10 mfululizo. Mwaka huu wamenunua upya sehemu yote ya ndani ya ukuta: Thuney kutoka Chiefs, Jonah Jackson kutoka Rams, na Drew Dalman kutoka Falcons kukaa kati. Thuney ana pete 4 za ubingwa, mbili akiwa na Patriots na mbili akiwa na Chiefs, na hakuna aliyewahi kumwona kwenye tangazo la soda. Siahidi ubingwa Chicago. Naahidi kwamba kijana yule ataweza angalau kumaliza kufikiri kabla hajalazwa chini.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza, Dar es Salaam

Mkuu, nakushukuru kwa andiko zuri, lakini umeandika aya zote hizo bila kugusa jambo lililowatoa watu usingizini wiki iliyopita. Micah Parsons, mvamizi nyota wa Cowboys, ameuzwa kwa Green Bay Packers siku saba tu kabla ya Cowboys kwenda kufungua msimu Philadelphia. Kwa kipimo chako mwenyewe, si hili ndilo tukio kubwa kuliko yote? Naomba ulifafanue, kwa sababu mimi ni mfuasi wa Cowboys tangu zamani na sijalala vizuri.

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na una haki ya kunidai. Nililiacha kwa makusudi ili nilipe nafasi yake.

Tarehe 28 Agosti Cowboys walimtoa Parsons kwa Packers, wakapata Kenny Clark, mvamizi mzito wa katikati, pamoja na nafasi mbili za kuchagua wachezaji wapya katika raundi ya kwanza, za mwaka 2026 na 2027. Packers wakampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 188, yaani wastani wa milioni 47 kwa mwaka, ambao hakuna mchezaji asiye kwotabeki aliyewahi kuufikia. Parsons ana umri wa miaka 26 na katika misimu 4 amewaangusha makwotabeki mara 52 na nusu. Watu wa namna hiyo hawauzwi. Hulipwa, hununiwa, hulipwa tena, lakini hawauzwi.

Hoja ya Cowboys nimeisoma na sitaki kuidharau. Msimu wa 2025 kila timu ina ukomo wa mishahara wa dola milioni 279.2, na wao tayari wanamlipa kwotabeki Dak Prescott fedha nyingi na mpokeaji CeeDee Lamb fedha nyingi. Tena safu yao ya ulinzi ilikuwa inakanyagwa na wakimbiaji, na Clark anasaidia hapo. Lakini ukweli ni kwamba mazungumzo ya mkataba yaliachwa yaharibike mwaka mzima, bei ikapanda kila mwezi, na mwishoni mmiliki na mchezaji wakawa hawatazamani usoni. Timu hiyo haijafika fainali ya NFC, nusu ya pili ya ligi, tangu msimu wa 1995, na sioni ikifika mwaka huu.

Kwa Green Bay hili linabadilisha hesabu yote ya kundi lao la Kaskazini. Jumapili hii wanawapokea Lions nyumbani, na mtu wa kwanza kumpima Parsons akiwa na jezi mpya atakuwa ukuta ule ule usio na Ragnow. Nilikuwa nimewapanga Lions kileleni mwa kundi. Sasa nawapanga Packers.

Mchangiaji wa pili, Houston

Ndugu zangu, mimi naishi huku Houston tangu tulipohamia na familia kutoka Kongo, na watoto wangu wamenifundisha mchezo huu kuliko mimi nilivyowafundisha kandanda. Kwa hiyo naomba nizungumze kama mwenyeji. Umewaacha Texans kabisa, ilhali wametwaa kundi lao la Kusini misimu miwili mfululizo na kila mara wameshinda mechi ya kwanza ya mtoano. Mwanangu wa kati analala na jezi ya kwotabeki wetu C.J. Stroud. Je, nimwambie nini?

Hata hivyo sina budi kukiri kwamba kipimo chako kinaniumiza. Mwezi Machi timu ilimuuza Laremy Tunsil, mlinzi wa pembeni kushoto tuliyekuwa tukimtegemea, akaenda Washington. Jirani yangu, Mmarekani aliyeanza kuishabikia timu hii siku ilipoundwa, alinisimamisha kwenye uzio kwa karibu saa nzima akinieleza kwamba Stroud aliangushwa mara 52 msimu uliopita akiwa na Tunsil, sasa bila yeye itakuwaje. Nilimjibu kwamba labda tatizo halikuwa mtu mmoja, bali watano kutoelewana. Hakuridhika. Alinitajia mechi ya Januari kule Kansas City, ambapo Stroud aliangushwa mara 8, kisha akaenda kumwagilia majani yake.

Mleta uzi

Mkuu wa Houston, karibu sana, na jibu ulilompa jirani ni bora kuliko langu. Ukuta ni kazi ya watu watano kusoma jambo moja kwa wakati mmoja. Wavamizi huja wakibadilishana njia, mmoja anakata ndani na mwenzake anazunguka nyuma yake, na walinzi wawili wanapaswa kukabidhiana bila kusemezana, kama watu wawili wanaopokezana gunia juu ya ngazi. Akisita mmoja, gunia linaanguka. Texans msimu uliopita walikuwa wanalidondosha kila wiki. Wamemfukuza kocha wa ushambuliaji, wameleta Nick Caley kutoka Rams, na ukuta wote umepangwa upya, akiwemo kijana Aireontae Ersery wa raundi ya pili. Unaweza kuwa bora kwa kuwa wote wanaanza pamoja, na unaweza kuwa mbaya kwa sababu hiyo hiyo.

Mwambie mtoto asivue jezi, kwa kuwa ulinzi wa Texans unaweza kuwabeba. Will Anderson na Danielle Hunter wakitoka pembeni zote mbili ni jozi ambayo sitamani kukutana nayo. Ila naona mechi nyingi za 17–13, na nywele nyeupe kwa wazazi.

Washington waliompata Tunsil ndio walionufaika. Kwotabeki wao Jayden Daniels akiwa mgeni wa ligi aliwafikisha fainali ya NFC, wakachapwa na Eagles 55–23, kisha mwezi Machi wakanunua mlinzi. Baadaye ndipo wakamalizana na mpokeaji wao Terry McLaurin, Agosti 25. Mpangilio huo wa mambo naupenda.

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Salamu kwa wote. Mimi ni mtu wa raga, na nimeufuata mchezo huu kwa sababu moja: Mailata. Nafurahi mleta uzi amemtaja mwanzoni mwa ukuta wa Eagles, lakini hakueleza kwamba kijana huyo ni Mwaustralia aliyelelewa kwenye raga ya wachezaji 13, na kwamba Eagles walimchagua mwaka 2018 katika raundi ya saba, ya mwisho, akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Leo ni bingwa. Sisi Wakenya tulikuwa na Daniel Adongo, ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 akitoka kwenye raga vilevile, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ingawa hakudumu. Swali langu ni hili: kwa nini Mailata alifaulu? Je, ukuta ni rahisi kujifunza kuliko nafasi nyingine?

Mleta uzi

Dada, au kaka, swali lako ni zuri na jibu langu ni hapana, si rahisi, ila ni la mwili na subira zaidi kuliko la kusoma uwanja mzima. Adongo aliwekwa upande wa ulinzi na kwenye vikosi vya mipira ya kufungulia, ambako mtu anapaswa kutambua ndani ya nusu sekunde kwamba mpinzani anadanganya. Mailata alipewa jambo moja la kurudia: hatua ya kwanza ya nyuma. Mpira ukitoka, mlinzi wa pembeni haendi mbele. Anarudi nyuma kwa mshazari, nyayo zikiwa karibu na ardhi, makalio chini, mikono mbele ya kifua bila kuirusha mapema, akimsubiri mvamizi afanye uamuzi wake wa kwanza. Stoutland alimrudishia hatua hiyo kwa miaka miwili kabla hajapewa mechi ya msimu wa kawaida. Usiku wa kuamkia Ijumaa mtazameni namba 68, msiutazame mpira kwa michezo mitatu tu, mtaona ninachosema.

Mchangiaji wa nne, Mombasa

Naomba kutofautiana kwa heshima. Kipimo cha ukuta ni kizuri, ila kinakufanya uzipite timu zenye ulinzi mkali. Seattle Seahawks umewapuuza kabisa. Najua watu wanawacheka kwa kumwacha kwotabeki Geno Smith aende Raiders na mpokeaji DK Metcalf aende Steelers, na kumpa kwotabeki Sam Darnold mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 100.5. Lakini Darnold ametoka kushinda mechi 14 na Vikings, na kocha mkuu Mike Macdonald ni mwalimu wa ulinzi ambaye sasa anaingia mwaka wa pili akiwa na Leonard Williams, Devon Witherspoon, na DeMarcus Lawrence aliyetoka Cowboys. Zaidi ya hayo, chaguo lao la kwanza mwezi Aprili lilikuwa Grey Zabel, mlinzi wa ndani wa ukuta. Si hilo ndilo ulilokuwa unalihubiri?

Mleta uzi

Umenikamata, mkuu. Zabel nilimsahau. Niliwapita Seattle kwa sababu ya Darnold, yaani nilifanya kosa lile lile ninalowalaumu wenzangu, la kuanza na kwotabeki. Nabaki na shaka moja: katika mechi mbili za mwisho akiwa na Vikings, dhidi ya Lions na kisha Rams, Darnold alibanwa na wavamizi na pasi zake zikapotea; Rams peke yao walimwangusha mara 9. Kwa hiyo hatima yao iko mikononi mwa Zabel na wenzake kuliko yeye. Nawaongeza kwenye orodha ya timu zitakazofika mtoano, na nafasi hiyo nawanyang'anya 49ers.

Kwa hoja hiyo hiyo niseme neno juu ya Patriots. Walishinda mechi 4 tu msimu uliopita, wakaleta Mike Vrabel kuwa kocha mkuu, wakamchukua Will Campbell, mlinzi wa pembeni, kwa chaguo la nne, na wakamsajili yule Williams wa Eagles. Kwotabeki wao Drake Maye ana mkono wa kurusha ambao sijauona pale tangu aondoke Tom Brady. Sitarajii makubwa mara moja, ila timu inayoanza kujijenga kwa ukuta na wavamizi naiheshimu.

Na Los Angeles Chargers, ambao nilikuwa nimewapanga juu ya Chiefs hadi mwanzoni mwa Agosti, wamepata msiba: Rashawn Slater, mlinzi wao wa pembeni kushoto, aliumia goti mazoezini na hatacheza msimu mzima, muda mfupi baada ya kusaini mkataba mpya. Joe Alt amehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wanaanza Ijumaa usiku kwa saa za Brazil, mjini São Paulo, dhidi ya Chiefs, na kwa hiyo walinzi wawili wapya wa pembeni kushoto, Alt na Simmons, watapimwa usiku mmoja katika uwanja mmoja.

Mchangiaji wa tano, Arusha

Wakuu, mimi ni mgeni wa mchezo huu, nimesoma yote na nimeelewa nusu. Naomba tu kujua nitazitazama saa ngapi, na kama kuna sheria mpya ninazopaswa kuzifahamu.

Mleta uzi

Karibu, na nusu inatosha kuanzia. Mechi nyingi za Jumapili huanza saa 2 usiku kwetu, kundi la pili huanza mnamo saa 5 usiku, na ile ya mwisho huangukia saa 9:20 usiku. Kuanzia Novemba 2, Wamarekani wanaporudisha saa nyuma, ongezeni saa moja kote. Zinazotufaa zaidi ni za Ulaya: Vikings na Steelers pale Dublin tarehe 28 Septemba, kisha Jumapili tatu mfululizo za London mwezi Oktoba, halafu Berlin na Madrid mwezi Novemba. Hizo huanza saa 10:30 jioni, na zile za Novemba saa 11:30, muda ambao mtu anaweza kuitazama mechi nzima na bado akala chakula cha usiku na familia. Ile ya São Paulo inaonyeshwa bure YouTube, saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi.

Sheria mpya ni mbili za kukumbuka. Katika muda wa nyongeza wa msimu wa kawaida, sasa timu zote mbili zitapata nafasi ya kushambulia, hata kama ya kwanza imefunga tachidauni. Na mpira wa kufungulia ukivuka moja kwa moja hadi eneo la mwisho bila kurudishwa, timu pokezi itaanzia yadi ya 35 badala ya 30, ili wapigaji wasione faida ya kuutupa tu huko. Kuna moja iliyokataliwa pia: pendekezo la Packers la kupiga marufuku kumsukuma kwotabeki kwa nyuma, mbinu ambayo Eagles wameifanya kuwa ibada. Lilipata kura 22 mwezi Mei, na zilihitajika 24. Kwa hiyo Alhamisi, Eagles wakibakiza yadi moja, mtawaona watatu wakijipanga nyuma ya kwotabeki wao Jalen Hurts na mikono mgongoni mwake, na kila mtu uwanjani akijua kinachokuja.

Mchangiaji wa kwanza, Dar es Salaam

Na atakayekuwa upande wa pili kuwazuia ni Kenny Clark, siku ya saba tangu ahamie kwetu. Nimeweka saa iamke 9:10.